Dawa ya Kuku

Abdias alivunjika muguu kwa barabara ya Beni, pikipiki yake chini ya lori ya Fuso, na tangu pale nyumba yao ya Butembo ikageuka kasho, gereza bila polisi. Muguu haukupona. Kwa kuzima maumivu, alikuwa anameza trama, vile vidonge farmasi yoyote inauzisha bila kukuuliza kitu. Alianza na kimoja. Akafika kumeza plaketi nzima ya vidonge, hata siku moja muke wake Agar akamukuta midomo imegeuka bluu, pumzi haitoki. Ku lopitali balimuamusha, lakini infirmier Salomon, muuguzi wa pale, akamuambia Agar wazi: "Mara ingine hatutamupata."

Njo Agar akapanda mulima mpaka kijiji cha Musienene, kwa mama yake Kavugho. Mama Kavugho alikuwa na bangi nyuma ya kibanda cha kuku, sawa bamama bengi kule juu. Kuku ikishikwa na homa, banaipatia majani. Agar akaleta ile majani nyumbani, akaichemusha, Abdias akakunywa kama chai. Akalala. Juma ikapita, trama ikabaki kimoja asubui na kimoja mangaribi.

Ni bangi njo ilifanya vile? Agar akaenda kuuliza Salomon.

"Inawezekana, sitakatala," Salomon akasema, akiangalia mulango. "Lakini usinitaje. Ile bangi, polisi banafungia mutu."

Eti dawa yenye ilitaka kuua bwana yake inauzishwa na taa mbele ya duka, na yenye kumurudishia inafichwa ndani ya sufuria. Agar alikasirika, lakini atashitaki kwa nani?

Siku ya Mungu, misa ikiisha, bamama ba shirika la kanisa bakakuja kusalimia mugonjwa, mukubwa wao Mama Adèle mbele. Akavuta harufu.

"Mama Agar, ni majani gani iko ku sufuria?"

"Dawa ya kuku," Agar akajibu mbio mbio.

Afazali angenyamaza. Mama Adèle akapiga mikono na furaha: kuku zake zilikuwa zinakufa. Akaomba majani yote. Agar angekatala namna gani? Yeye mwenyewe hakuwa na kuku hata moja. Akafunga majani yote ndani ya sashe ya plastiki, akaitoa na mikono mbili, akicheka na meno tu. Bamama bakaimba, bakasali, na kwa kuaga Mama Adèle akamuwekea mukononi zawadi ya shirika: plaketi za trama.

"Tunasikiaka vile baba analia na maumivu," akasema. "Mungu ni mwema."

Mulango ukafungwa. Abdias alikuwa ameona.

"Nipatie," akasema pole pole.

"Kimoja. Kesho nitapanda Musienene."

"Kesho ni mbali na huu muguu. Nipatie zote, Agar."

Ile sauti ilimuogopesha kabisa. Akamupatia kimoja, akakimbia na zingine mpaka musalani, akazitupa mu shimo. Aliporudi, Abdias alikuwa anauliza ziko wapi, na alipojua, akaanza kulia, kilio cha mutu mukubwa, chenye kupita ukuta wa mbao. Agar akamufunika kinywa na mukono.

"Nyamaza, nakuomba. Batasikia."

Inje, miguu ikasimama.

"Vumilia, Baba Abdias," sauti ya Mama Adèle ikasema, na huruma yote. "Tunaenda farmasi kukuletea zingine."