Soksi Chini ya Nguzo

Hotuba ya sherehe ya kamera za usalama alishaandikiwa na ofisi ya mtaa. Mstari wa tatu ulisema: "Tangu kamera zifungwe, wizi katika mtaa wetu umepungua kwa nusu." Mwenyekiti wa wenye maduka aliusoma mara mbili, akaikunja karatasi na kuitumia kufutia vumbi beseni la plastiki lililokuwa dirishani pa duka lake.

Mwaka mmoja nyuma ni yeye aliyezunguka mlango kwa mlango akikusanya sahihi za kuomba kamera hizo. Zikaja nne, juu ya nguzo za barabara kuu, na vibaka kweli wakatoweka mbele ya duka lake. Alitembea kifua mbele kama aliyewakamata kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa binti yake ana wiki tatu amefungwa plasta. Alivunjwa mkono saa nane mchana, kwenye uchochoro wa nyuma ya maduka. Watu wawili walimpora simu, na soksi alizokuwa anachuuza wakazimwaga mtaroni. Polisi mpaka leo hawajafungua jalada.

"Kuna picha?" mpelelezi aliuliza siku walipokwenda kuripoti, kabla mkono haujafungwa.

"Uchochoroni hakuna kamera."

"Basi, mama, niandike nini?"

"Andika mkono. Huu hapa, umevimba kama mkate."

Mpelelezi alicheka kidogo, akafunika kalamu yake.

Kwa hiyo asubuhi ya sherehe, badala ya kwenda saluni kama walivyomshauri, mwenyekiti alipanda ngazi mpaka chumba cha kamera. Kilikuwa na baridi kuliko bucha. Fundi alisimama haraka.

"Shikamoo, mama mwenyekiti! Hotuba iko tayari?"

"Marahaba. Achana na hotuba. Nitafutie siku ile, saa nane."

Fundi alijikuna shingo, akatafuta. Kwenye skrini wanaume wawili walikuja wakitembea bila haraka. Mmoja aliinua macho kwenye kamera, akaweka sawa ukosi wa shati, kisha wakakata kona kuingia uchochoroni. Dakika sita baadaye akatokea binti yake, mfuko wa soksi begani. Naye aliinua macho. Naye akakata kona ileile, mbio mbio.

"Huyu mtoto ana wazimu?" mwenyekiti alisema. "Barabara pana yote hii, anaingia huko kutafuta nini?"

Fundi alirudisha picha nyuma.

"Nakuuliza wewe, mwanangu."

"Anaikwepa kamera, mama. Mchuuzi asiye na kibali tukimwona, tunawapigia askari wa jiji. Wote wanapita nyuma siku hizi."

"Nani kawapa kazi hiyo?"

"Si nyinyi? Iko kwenye barua yenu ya maombi, kipengele cha nne. Wachuuzi waondolewe mbele ya maduka."

Aliikumbuka sentensi hiyo. Aliitunga yeye, kwenye kaunta yake, akiwa amechoka na wauza soksi waliokuwa wakimzibia mlango. Wakati huo binti yake alikuwa bado na ajira kiwandani, na yeye hakuwa na sababu ya kuwaza mfuko wa mtu mwingine.

"Na huo wizi uliopungua?"

"Hapa mbele umepungua, mama, sikudanganyi. Huko nyuma hatuoni, kwa hiyo hatuhesabu."

Alishuka ngazi bila kuaga. Nyumbani alimkuta binti yake anajaribu kumenya kitunguu kwa mkono mmoja. Akauchukua mfuko wa soksi. Alikuwa amezifua mwenyewe mara tatu, na bado zilinuka mtaro.

"Mama, unazipeleka wapi? Si una sherehe?"

"Ndiko ninakokwenda."

Turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vimepangwa, spika zinakoroma. Mwenyekiti alilipita jukwaa akiwa na gauni lake la heshima, akatandika soksi chini ya nguzo ya kwanza ya kamera, kisha akatazama saa yake.

"Soksi! Soksi za watoto, za wakubwa! Njoo uchague, baba!"

"Mama mwenyekiti, umechanganyikiwa?" kinyozi aliita kutoka mlangoni kwake. "Mgeni rasmi yuko njiani!"

"Muulize namba ya mguu wake ni ngapi, nimtengee jozi."

Askari wa jiji walifika wawili, wakihema. Alitazama saa tena. Dakika nne tangu atandike.

"Kibali kiko wapi?" mmoja aliuliza, kisha akamtambua. "Ah, shikamoo mama. Samahani. Ila tumepigiwa simu, tumeambiwa mchuuzi, na umeshaonekana. Lazima tuandike."

"Basi andika, baba. Usiache kitu. Andika saa, andika nguzo, hesabu na soksi."

Askari alifungua daftari. Nyuma yao kinyozi alikuwa ameshapewa nakala ya hotuba aisome badala yake, anajaribu kipaza sauti kwa kusoma mstari wa tatu.