Bi Kona Analala Hotelini

"Unapumzika au unalala?" kijana wa mapokezi aliuliza bila kuinua macho kwenye simu yake.

Bi Kona aliweka begi lake sakafuni. Kwanza hakulielewa swali. Alipolielewa alitaka kukasirika, lakini kicheko kikaiwahi hasira mlangoni.

"Mwanangu," alisema, "mimi na hili begi tutafanya nini kwa saa moja? Nalala. Tena usiku kucha, na kukoroma nitakoroma."

Kijana akainua macho. Alipoziona nywele nyeupe zinazochungulia chini ya kitambaa, alisimama haraka hadi kiti kikaanguka. "Shikamoo, bibi. Samahani."

"Marahaba. Nionyeshe chumba kwanza, ndiyo tuongee bei."

Chumbani hakukawia. Alifunua pembe ya shuka, akabonyeza godoro kwa kiganja, akanusa foronya. Foronya ilinukia manukato ya mtu aliyeshaondoka, na juu yake unga wa sabuni ulionyunyizwa kuyaficha. Akairudisha mahali pake na kuipigapiga kwa upole, maana foronya yenyewe haikuwa na kosa.

"Asante, mwanangu. Hapa sitalala," alisema. "Foronya hubadilishwa. Haigeuzwi."

Akabeba begi lake, akarudi barabarani kwenye jua.

Huyu mwanamke alikuwa ametandika vitanda vya hoteli maisha yake yote ya kazi, katika mji wa mbali na bahari. Jina la Bi Kona alipewa na wenzake, kwa sababu hakuna aliyeweza kukunja kona za shuka kama yeye; ukiziona ungedhani zimepigwa pasi zikiwa kitandani. Siku moja, kwenye kapu la takataka la mgeni, aliokota karatasi ya matangazo ya meli ya kitalii. Watu wengine wangetazama bahari iliyokuwa pichani, au visiwa. Yeye alitazama kitanda. Alikikagua akakuta kona zake ni nzuri, akajiuliza ni nani aliyekitandika, na hapo hapo likamjia wazo ambalo halikumtoka tena: kwamba iko siku yeye atalala, na mtu mwingine atatandika. Alipostaafu na kupewa kiinua mgongo, watu walimshauri anunue kuku, ajenge banda, afungue genge. Yeye alinunua tiketi ya meli. Mgongo ni wangu, aliwaambia, nami ndiye ninayejua utainuliwa na nini.

Meli ilikuwa inaondoka asubuhi ya kesho yake. Mwenye kuuza tiketi alimwonya kuwa meli haimsubiri mtu, na wanaotoka mbali waje siku moja kabla, walale karibu na bandari. Ndiyo maana alikuwa akizunguka mitaa hii na begi begani. Angeweza kabisa kutozunguka. Mwanawe wa pekee alikuwa anaishi katika mji huu huu, nyumba nzuri, chumba cha wageni kipo, na tena angekula bure.

Kwa nini basi? Subirini, tutafika.

Hoteli ya pili ilikuwa ya vioo vitupu kuanzia chini hadi juu. Mlinzi alimtazama viatu, akatazama begi, akanyoosha kidole kwa adabu kabisa. "Mama, mlango wa wafanyakazi uko nyuma."

Miguu yake ilikuwa imeshaanza kugeuka. Hilo ndilo lililomuudhi. Si mlinzi, ni miguu yake mwenyewe, iliyozoea kuambiwa nyuma ikaenda nyuma bila hata kumuuliza mwenye nayo. Akaisimamisha.

"Leo mimi ni mgeni," alisema, akapita mlango wa mbele. Ndani aliuliza bei. Alipotajiwa, alishukuru kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, akatoka kwa mlango ule ule wa mbele, polepole, kana kwamba bei ilikuwa ndogo mno kwa hadhi yake. Hadi mlinzi akampa heshima ya kijeshi.

Ya tatu ilikuwa nyembamba, ghorofa tatu, imebanwa kati ya duka la kamba na duka la kutoa nakala. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mwenye miwani iliyoteremka hadi ncha ya pua, akishona kifungo cha blauzi.

"Kimebaki kimoja," alisema mwenye miwani. "Kidogo. Juu kabisa. Lifti hatuna, na ukiniuliza lini tutakuwa nayo nitakudanganya."

"Mashuka?"

"Yameanuliwa mchana huu."

Bi Kona alipanda akakagua. Shuka lilinukia jua. Godoro lilikuwa jembamba lakini la kweli. Dirisha lilitazama paa la ghala, na juu ya paa lilionekana bomba la meli, jeupe, kubwa kuliko nyumba. Mlango ulikuwa na kitasa kinachofungwa kwa ndani; alikijaribu mara kadhaa. Akashuka, wakabishana bei kidogo kwa ajili ya heshima tu, wakapatana.

Aliporudi juu na ufunguo mkononi, alisimama mbele ya chumba chake mwenyewe, akagonga mlango mara tatu, akaita, "Usafi!"

Halafu akasubiri ajibiwe.

Kicheko cha mwenye miwani kilipanda ngazi zote. Bi Kona naye alicheka hadi akashika ukuta. Lakini alipoingia na kufunga mlango, alikaa kitandani akajionea huruma. Macho yakamwangukia kona moja ya shuka iliyolegea. Mkono ukaenda. Akauchapa kofi kama mkono wa mtoto mwizi wa sukari.

Jua lilipoanza kupungua ukali, mwanawe alipiga simu, naye hakumficha alipo. Kumficha mtu ni kumwogopa, na yeye alikuwa ameshakata shauri. Kabla chai yake haijapoa, mwenye miwani alimwita kutoka chini. "Mama! Una wageni. Nimewaambia vyumbani hawapandi, ndiyo sheria." Sheria yenyewe aliitunga papo hapo.

Mwanawe alikuwa amesimama mapokezi bado na tai ya kazini, jasho shingoni. Mkononi alimshika mjukuu, msichana mdogo wa chekechea, kidole kinywani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, gesti? Kweli kabisa? Nyumba yangu iko hapo tu, kitanda kipo, halafu mama yangu mzazi analala gesti? Watu watasema nimekufukuza."

"Waambie nimekimbia."

Mwenye miwani alikohoa nyuma ya meza, akajifanya anatafuta sindano.

"Kaa basi tuongee," mwanawe alisema na kuvuta kiti.

"Nasikia vizuri nikisimama."

Na hapa ndipo niliposema tutafika. Bi Kona hakukaa kwa sababu akikaa atakuwa na mapaja, na akiwa na mapaja mjukuu atapanda, na mjukuu akishaegemeza kichwa kifuani mwake, kwisha habari. Alijijua. Miaka miwili nyuma alipita kwa mwanawe usiku mmoja tu, akielekea kwenye harusi ya binti wa mdogo wake. Asubuhi yake mfanyakazi wa ndani akaondoka. Akaombwa siku mbili. Harusi aliiona kwenye simu, mjukuu amelala juu yake, naye akiimba peke yake jikoni nyimbo ambazo wenzake walikuwa wanaziimba ukumbini. Hakuna aliyemlazimisha. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Dada wa kazi ameondoka leo asubuhi," mwanawe alisema.

Bi Kona alifumba macho kidogo. "Tena?"

"Tena. Mama watoto ana zamu za usiku wiki nzima, mimi kazini hawatanielewa. Wiki moja tu, mama. Sikuombi zaidi. Meli zipo nyingi."

"Zipo nyingi. Mimi je, niko wangapi?"

"Na ukiumwa huko katikati ya bahari? Umri huu?"

"Ng'ombe hazeeki maini. Nikiumwa, nitakuwa tayari niko kitandani."

Mwanawe alivuta pumzi. Alikuwa mtoto mwema, tusimseme vibaya. Lakini alikuwa amechoka, na aliyechoka hushika kisu kwa makali. "Kwa hiyo watu usiowajua ni bora kuliko damu yako?"

Neno hilo lilimchoma. Lilimchoma kwelikweli, akakitazama kile kiti. Hakukikalia.

"Sikuogopi wewe, baba," alisema taratibu. "Wala mkeo, mkeo ni mtu mzuri. Ninayemwogopa ni mimi. Nikilala kwako usiku wa leo, asubuhi nitafungua begi kwa mikono yangu, nitaanika nguo zangu kwenye kamba yenu, nitakuambia wiki moja si kitu. Utaniona ninacheka, utadhani nimefurahi. Nimelipia chumba hapa kwa sababu mlango wake una kitasa kwa ndani. Basi."

Mjukuu akatoa kidole kinywani.

"Bibi, unaenda kufanya nini kwenye meli?"

"Kutandikiwa kitanda."

"Na nani?"

"Na mtu anayelipwa kutandika."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

Hilo hakuwa amelifikiria. "Nitamtazama," alisema, "na nitafunga mdomo."

Mtoto aliona jibu linatosha. Akanyoosha mikono yote miwili juu, kama anavyofanya mtoto yeyote duniani asiyewahi kukataliwa na bibi yake. Bi Kona aliinama akambusu utosini. Akaivuta harufu ya kichwa kile kwa pumzi ndefu, kama mtu anayejaza debe. Kisha akanyoosha mgongo, akarudi nyuma hatua moja, mikono akaifunga mgongoni.

Mtoto alilia. Mwanawe alimnyanyua, akatoka bila kuaga. Kilio kilisikika hadi mlango wa gari ulipofungwa, na hata baada ya hapo.

"Sasa unaweza kukaa, mama," mwenye miwani alisema. "Wameshaondoka."

Bi Kona akakaa, akalia kwa sauti, bila kujificha, kwa haki kabisa. Mwenye miwani hakumwambia jikaze wala pole. Aliongeza sauti ya redio ili wapita njia wasisikie, akaendelea na kifungo chake.

"Mimi mwanangu akija," alisema baadaye, "humwambia hoteli imejaa."

Asubuhi bandarini kulikuwa na foleni ya masanduku yenye magurudumu. Begi la Bi Kona halikuwa na magurudumu, alilivaa begani. Alikuwa hajalala vizuri, na macho yalikuwa yamevimba, na gauni lake la maua makubwa lilipigwa na upepo. Aliteua moyoni maneno ya kumjibu mwanawe iwapo angemkuta amesimama getini. Hakumkuta. Hilo nalo lilimuuma; binadamu ni mgumu kuridhishwa.

Alikuwa katikati ya ngazi ya meli simu ilipolia. Jina la mwanawe. Aliitazama ikitetemeka kiganjani, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwake aliogopa kweli. Anaweza kusema mtoto ana homa. Akisema hivyo, miguu hii itageuka.

Akapokea.

"Mama." Sauti kavu, na nyuma yake kelele. "Kitana kimekwama."

"Kimekwama wapi?"

"Kwenye nywele zake, kwa nyuma. Nimeomba ruhusa ya leo kazini, ninampeleka shule kwanza. Anapiga kelele hadi majirani wamechungulia."

Bi Kona alisimama, na foleni yote nyuma yake ikasimama.

"Umeanzia wapi kuchana?"

"Juu."

"Nani kakwambia juu? Anzia nchani, upande polepole. Mkono wa pili ushike nywele hapo juu karibu na kichwa, ili asiumie. Maji umetia?"

"Maji?"

"Ee Mungu wangu. Tia maji, baba."

Bwana mmoja mwenye kofia pana aliguna nyuma yake. "Mama, tunachelewa."

"Meli yote hii itatushinda kuingia? Subiri, mwenzio anachana mtoto."

Kutoka juu baharia mwenye sare nyeupe alimpungia mkono, "Karibu, mama, panda tu, simu utaongea ndani." Simuni alisikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika, mwanawe akinong'ona pole, pole, pole. Kilio kikapungua, kukabaki kuvuta kamasi tu.

"Bibi," sauti ndogo ikaja karibu kabisa na sikio lake, "baba ananivuta."

"Vumilia, mama. Anajifunza."

"Hajui."

"Ndiyo maana anajifunza."

Kitu kidogo cha plastiki kilianguka sakafuni, na mwanawe akacheka kwa mshangao, kicheko ambacho Bi Kona hakuwa amekisikia tangu akiwa kijana wa shule. Halafu sauti yake ikarudi, ya chini.

"Kimetoka. Mama, usikate."

Bi Kona aliibana simu kati ya sikio na bega, akashika chuma cha ngazi kwa mkono mmoja na mkanda wa begi kwa mwingine. Ngazi ilikuwa ikitikisika kidogo chini ya viatu vyake.

"Sikati," alisema, akapanda. "Sasa hamia upande wa kushoto."