Punguzo la Baba Mdogo

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, alilizunguka mara moja akigonga tairi kwa kisigino. Kisha alipangusa viti kwa kitambaa chenye unyevu na kuokota yaliyosahaulika jana: soksi moja, kifutio, nusu ya biskuti. Mwisho alikanyaga breki mara mbili, gari likiwa bado limesimama. Kwa ajili ya breki hizo madereva wenzake walimbandika jina la Breki, na watoto wa shule aliowabeba wakaliongezea heshima: Dada Breki.

Asubuhi ile alifika shuleni gari likiwa limejaa watoto, akapiga honi kidogo kama kawaida. Mlinzi hakufungua geti.

"Washushe hapo hapo nje," mlinzi alisema kupitia kwenye nondo. "Mwalimu mkuu kasema gari lako haliingii mpaka ulete bima yenye jina lako. Iliyopo ni ya mwenye gari wa zamani."

"Jana si niliingia?"

"Jana ilikuwa jana. Kakupa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo njia yako anapewa Mjomba Kasi."

"Mjomba Kasi? Si ndiye aliyeparamia bustani ya shule?"

"Ana bima," mlinzi akasema.

Akawashusha watoto mmoja mmoja, akiwashika mkono mpaka getini. Mdogo kuliko wote alitaka kujua kama Dada Breki amefanya kosa. Akamwambia hapana, akamfunga kamba za viatu.

Gari hilo lilikuwa la baba mdogo, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Alipopata leseni, akiwa na miaka kumi na tisa, baba mdogo alimkabidhi funguo. Walikubaliana kwamba nusu ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hadi gari liwe lake. Sasa lilikuwa lake. Kadi ya gari ilikuwa na jina lake, na alikuwa ameitoa kwenye bahasha mara nyingi ili aitazame tu.

Ofisi ya bima ilikuwa juu ya duka la vigae. Viti vya plastiki vilifungwa pamoja kwa mnyororo, na feni ilikuwa imegeuziwa upande wa wafanyakazi. Nyuma ya kioo alikaa mtu aliyemfahamu. Miaka minne nyuma alikuwa wakala tu, akaja nyumbani kwao na mkoba kwapani, akanywa chai vikombe viwili. Sasa alikuwa afisa, na tai juu.

"Karibu, dada. Dereva mpya?"

"Si mpya. Nimeendesha miaka minne. Sijagonga hata kuku."

Afisa alitazama kompyuta. "Hapa hupo. Wewe ni kijana, na hii ndiyo bima yako ya kwanza. Unaanzia kiwango cha juu." Akamgeuzia skrini. Kiasi kilichoandikwa pale kilizidi mapato yake ya muhula mzima.

"Na punguzo?"

Punguzo hilo alilijua vizuri. Dereva akimaliza mwaka bila kuidai kampuni chochote, malipo ya mwaka unaofuata hushuka. Yeye alikuwa ameyashusha mwaka hadi mwaka. Wakati mmoja lori lilimgonga kwa nyuma likakimbia, naye akataka kwenda kudai. "Tusiiharibu rekodi yetu, mama," baba mdogo alimwambia. Breki akamlipa mwenyewe fundi wa bodi kutoka kwenye ile nusu aliyobakiwa nayo, akala kwa mkopo dukani hadi mwenye duka akaanza kumkwepa. Rekodi ikabaki safi.

"Punguzo lipo," afisa alisema. "Lipo kwa mzee wako. Ameshalihamishia kwenye gari lake jipya."

"Lakini yeye hakuliendesha lile gari hata siku moja."

"Ulisemaje?"

"Hakuliendesha. Na wewe unajua. Wewe ndiye uliyetuambia bima ya kijana ni ghali, mwandikeni mzee, kila mtu anafanya hivyo. Ulikuwa umekaa kwenye kochi letu, kikombe mkononi."

"Mimi nanywa chai nyumba nyingi," afisa alisema, na mtu mmoja kwenye foleni akacheka. "Sikiliza, dada. Kama aliyeendesha ni mzee, miaka hiyo ni yake. Kama ni wewe, basi mlitudanganya, na gari halikuwa na bima siku zote hizo. Hiyo ni jinai. Chagua."

"Na pesa mlizopokea?"

"Nimesema chagua."

Hakuchagua. Alikunja kadi yake ya gari, akaikunjua tena. "Na baba mdogo akija mwenyewe akasema ukweli?"

"Mlete," afisa alisema. Alikuwa ameshamtazama mtu aliyefuata kwenye foleni.

Baba mdogo alikuja Alhamisi, baada ya kubembelezwa kwa simu na kujibu kila mara, "Tutaona, mama, tutaona." Aliliegesha gari jipya mbele ya duka la vigae kwa kwenda mbele na kurudi nyuma hadi muuza vigae akatoka kumwelekeza. Bampa ya mbele ilikuwa na rangi isiyolingana na bodi. Wiki ya pili tu alikuwa ameligonga geti la nyumbani kwake, akalipeleka gari kwa fundi kimyakimya. Rekodi ikabaki safi.

Afisa alisimama alipomwona, akamwamkia, akaagiza kiti. Breki alibaki amesimama pembeni.

"Mzee, swali ni moja tu. Lile gari la wanafunzi, dereva alikuwa nani?"

Baba mdogo alitoa leso akajifuta shingo. "Unajua vijana hawa, unawalea, unawasomesha. Gari lilikuwa langu. Msimamizi wa kila kitu nilikuwa mimi."

"Dereva, mzee."

"Mimi. Huyu alikuwa ananisaidiasaidia."

"Kusaidia nini?"

"Kuosha. Kutia mafuta. Na watoto wanapenda kuwa na mwanamke garini."

"Baba mdogo," Breki alisema, "wakati watoto wanapanda, wewe ulikuwa bado umelala."

"Usinivunjie heshima mbele za watu."

"Sitaki pesa zako. Nataka useme tu kwamba niliendesha."

"Nikisema hivyo, bima yangu inapanda. Halafu huyu bwana aseme tulimdanganya. Unataka nikalale rumande uzeeni kwa sababu ya watoto wa watu?"

Afisa alikohoa. Alisogea kwenye tundu la kioo, na sauti yake ikawa laini kama siku ile ya kochi. "Tusifike huko, mzee. Kuna njia rahisi. Gari lirudi kwa jina lako. Punguzo lipo, bima inatoka leo hii, kesho asubuhi binti yuko getini. Anaendesha kama zamani."

"Kama zamani!" baba mdogo alisema, uso wake ukalegea. "Na mimi nitakuwa nakupa chako kila mwisho wa mwezi. Sijawahi kukudhulumu."

"Gari nimelilipia."

"Ni lako, nani amebisha? Sisi si tunajua? Ni jina tu."

Breki alimgeukia afisa. "Juzi uliniambia hiyo ni jinai."

"Jinai ni pale unapoisema," afisa alijibu, akapitisha karatasi na kalamu chini ya kioo.

Mwanamke aliyefuata kwenye foleni alimgusa bega. "Mwanangu, kubali tu. Wengine tuna haraka."

Aliishika kalamu. Tangu utotoni, baba mdogo alipomsemesha, macho yake yalikwenda sakafuni yenyewe. Yalikwenda huko tena, yakakuta viatu vya baba mdogo, vipya, vimesuguliwa vikang'aa. Akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

"Sema kwa sauti, mama," baba mdogo alimhimiza kwa upole. "Mwambie bwana kwamba tumekubaliana."

Akaiweka kalamu juu ya kaunta.

"Umeniibia, baba mdogo," alisema, na sauti yake ikafika hadi viti vya nyuma. "Na huyu anakumulikia tochi."