Miaka Sita ya Afande Verlene

Verlene Ratliff alifika ofisi za kaunti kabla mlango haujafunguliwa, nywele kazitengeneza, kitambulisho cha ustaafu kakitundika shingoni. Barua ya jimbo ilikuwa mkobani, ameisoma hadi mikunjo imeanza kuchanika: maafisa wa usalama waliostaafu baada ya miaka ishirini kazini watasaidiwa kulipia bima ya afya. Yeye alitumikia ishirini na miwili. Tangu Februari alikuwa akikata vidonge vya presha nusu nusu kwa kisu cha jikoni.

"Kesho nameza kizima," alimwambia karani dirishani, akicheka.

Karani, binti aitwaye Kaylin, akabonyeza kompyuta. Akabonyeza tena. "Mama, hapa una miaka kumi na sita."

"Angalia vizuri."

"Sita ya mwanzo umeandikwa mlinzi wa mahabusu. Walinzi hawahesabiwi kuwa maafisa."

"Nilikuwa na beji. Nilikuwa na bastola. Sherifu alikuwa na watu wanne tu. Mahabusu mimi, doria mimi, kukimbiza wezi mimi."

"Nakuamini, mama. Kompyuta ndiyo haijui."

Kwenye foleni ya leseni za magari, mwanamume mwenye kofia ya besiboli akageuka. "We binti, huyu alinikamata mwaka tisini na tisa. Kanikimbiza mpaka mtoni, kanitoa majini kwa ukosi wa shati. Nikakaa ndani miezi minane. Kama hakuwa afisa, nirudishieni miezi yangu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Verlene akamkazia macho. "Hobart Sizemore. Uliiba trekta la watu, mwaka wangu wa pili kazini."

"Ndiyo, afande."

"Hayo uliyosema, yaandike."

Hobart akaandika nyuma ya fomu yake, akatia sahihi. Kaylin akaipokea kwa ncha za vidole. "Hakuna mahali pa kuiweka hii."

"Gonga tu muhuri kwamba umepokea."

Binti akatupia jicho mlango wa bosi wake, akagonga muhuri. "Lakini watu wa jimbo hawataisoma, mama. Watakaa siku tisini, halafu watakataa."

Moyo ulimwenda Verlene mbio, kama zamani king'ora kilipolia. Akaomba karatasi tupu, akaketi kwenye benchi, akaanza kuorodhesha watu wote aliowakamata katika miaka ile sita.

Hobart akaketi kando yake, akachungulia orodha. "Umemsahau binamu yangu," alisema. "Yuko hapo nje kwenye gari. Nimwite?"

"Mwite," alisema Verlene. "Aje na kalamu yake."