Hasira za Karibu

Wenzake walimwita Kipanga, kwa kuwa kutwa alikuwa juu ya kreni, peke yake ndani ya kibanda cha vioo, akiwanyanyulia mafundi nondo na mifuko ya saruji. Kazi aliipenda. Kilichomtia simanzi ni tumbo.

Lilianza kama mzaha. Asubuhi akishakunywa chai, humsokota chini ya kitovu, likanguruma, na asipowahi chooni jasho humtoka. Akishajisaidia hupata nafuu, lakini kabla hajafunga mkanda huhisi kama hajamaliza. Mara anaharisha siku kadhaa. Mara choo kinafunga, akatoa vigololi kama vya mbuzi. Jioni tumbo hujaa gesi, suruali ikambana. Siku aliyoona ute kama makamasi, moyo ulimlipuka. Kaka yake mkubwa alikufa kwa saratani ya utumbo, na alianza vivyo hivyo, kwa kulalamika tumbo.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, methali hiyo aliijua. Ila aliona heri kilio kije chenyewe kuliko yeye kukifuata hospitali. Akawa anakwenda kazini na njaa. Nyumbani mkewe akipakua, hudai ameshakula. Mkewe hakubisha, ila alianza kulala akimpa mgongo.

Siku moja ya mawingu, fungu la nondo likining'inia juu ya vichwa vya watu, tumbo lilimkata ghafla. Alijikaza. Akajikunja kwa maumivu, nondo zikayumba, watu wakatawanyika. Alifanikiwa kuzishusha salama kwenye mchanga, lakini ngazi ilimshinda. Alifika chini suruali imelowa, mbele ya kundi zima. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Msimamizi alimfunga koti lake kiunoni, akamwambia kwa upole kwamba hatapanda tena mpaka daktari aseme neno.

Mkewe alimkuta uani akifua suruali mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kuliona. Akamuuliza kuna nini.

"Nadhani nakufa kama kaka," alisema bila kuinua macho, kisha akamweleza yote.

Mkewe akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mimi nilidhani kuna anayekupikia," akasema. "Mwaka mzima namchukia mwanamke ambaye hayupo."

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari, mama wa makamo, aliuliza mambo ambayo Kipanga aliona haya kuyajibu. Je, maumivu hupungua akishajisaidia? Hupungua. Damu je? Hajaiona. Homa? Hapana. Tumbo humwamsha usingizini? Akishalala, halimgusi. Amekonda? Kidogo, kwa kujinyima chakula. Daktari alisema maelezo hayo yanampa picha, ila kwa sababu ya marehemu kaka hataki kubahatisha. Wakachukua damu, wakapima choo, wakapitisha kamera ndani ya utumbo.

Majibu yalipotoka, akawaita tena.

"Utumbo wako hauna kidonda wala uvimbe," alisema. "Ila una hasira za karibu. Ukiogopa, unashtuka, ukishtuka, unauma, ukiuma, unazidi kuogopa. Hautakuua, baba. Lakini siwezi kukudanganya kwamba ugonjwa huu utaisha kabisa."

Akamwandikia vidonge vya kutuliza msokoto, akamtaka ale kidogo kidogo kwa wakati, aangalie chakula kinachomchokoza. Akiona damu, au akikonda huku anakula, arudi haraka.

Kipanga alitarajia kufurahi. Njiani alijipapasa moyoni akitafuta hiyo furaha, akakuta uchovu tu. Kaka yake alikuwa na ugonjwa uliokuwa na mwisho. Wake ni wa kuishi nao. Na kreni alikwishapewa mwingine. Msimamizi alimweka chini, kwenye kufunga mizigo minyororo, karibu na choo. Wenzake waliendelea kumwita Kipanga, na yeye aliitika, ingawa kila alipoitwa alijisikia kama kuku.

Kuna siku tumbo lilikuwa pole, kuna siku halikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Jioni moja mkewe alipakua, wakaketi pamoja. Kipanga alikula nusu sahani, kisha akaweka kijiko chini. Zamani angesingizia kupigiwa simu, akatoka.

"Limeanza," akasema.

Mkewe akasogeza kiti chake ampishe njia, akaifunika sahani ya mumewe, akaendelea kula taratibu peke yake.