Jina la Mtoto wa Tatu

Tangu alfajiri kitoto kilikuwa kimekataa titi. Somoe alikipakata ukumbini mwa nyumba yao ya udongo pale Temeke, akikipa, kikigeuza uso. Ilikuwa siku ya saba, siku ya jina. Mumewe Mwinjuma alikuwa ameomba ruhusa kwa Mzungu wake bandarini, na Maalimu Kondo, wa kulitamka jina sikioni mwa mtoto, alikuwa kibarazani akijikohoza kuwaharakisha, maana alikuwa na safari nyingine.

Jina lilikuwa la kutolewa na mama mkwe, Bi Tunu, mwenye ulimi usio na breki. Wajukuu wawili wa mwanzo aliwapa majina ya wazee wake, na hakuna aliyefika siku ya arobaini. Kutoka hapo, kila vuli kumbikumbi walipozagaa kwenye taa ya chemli, asubuhi yake alifagia mbawa uani huku akisema, jirani asikie, kwamba hao ndio watoto wa Somoe: jioni wameruka, asubuhi wamekufa. Neno likashika mtaa mzima. Mwinjuma alilisikia akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomuuma Somoe zaidi.

"Mama, tunangoja jina," Mwinjuma alisema.

Bi Tunu alizitazama mbavu za kitoto zikipanda na kushuka. "Majina ya wazee wangu yameshaingia kaburini mawili. La tatu silitoi. Hawa kumbikumbi tu, mwanangu."

Somoe alikikumbatia kitoto kwa hofu. Mwanawe afe hata jina hana? Alimtazama mumewe, mumewe alitazama sakafu. Hapo hasira ikaja, ikaisukuma hofu kando. Alikumbuka utotoni Tandale, baba yake akivunja kichuguu apate udongo wa kukandikia nyumba. Ndani kabisa walimkuta mama wa mchwa, mnene kama kidole gumba. Baba alimwambia huyo naye aliruka na kumbikumbi wenzake. Mbawa zilipokatika akaingia ardhini, na kichuguu kizima kikatoka kwake.

"Maalimu," Somoe aliita, "mwite Kumbikumbi."

"Somoe!" Bi Tunu alimaka.

"Si ndilo mlilompa nyie wenyewe?"

Maalimu alisita, kwani alizoea majina ya kitabuni. Mwishowe akainama, akalitamka sikioni. Kitoto kikashtuka, kikapasua kilio, na kabla hakijafumba mdomo Somoe akakitia titi. Kikavuta.

Bi Tunu hakuwahi kulitamka jina lile. Alimwita mjukuu wake "wewe" mpaka mwenyewe akazeeka. Alipofariki wakatafutwa jamaa wa kike wa kumwosha. Kumbikumbi alimfungua mwanawe mgongoni, akampa Somoe, akaomba maji ya kumwoshea bibi yake.