Madoa Yaliyorudi Kwao

Wiki ya mwisho kabla ya Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya wa machipuko, mji mzima wa Nurota hunuka siki. Mazulia hutolewa nje, hutundikwa kwenye kuta za udongo na kupigwa kwa fimbo, na mwenye pumu hujifungia ndani mpaka wanawake wamalize. Nyumbani kwa Mzee Yuldosh kazi hiyo ilikuwa ya Hulkar, mke wa mwanawe Botir. Botir mwenyewe yuko Urusi, anajenga maghorofa ya watu. Hulkar aliolewa siku nyingi, lakini bado anaitwa bi harusi, na ataendelea kuitwa hivyo mpaka yeye mwenyewe apate mkaza mwana wa kumtuma. Ndivyo tulivyo.

Zulia lenye kesi lilikuwa lile kubwa la chumba cha wageni, jekundu pembeni na rangi ya malai katikati. Hapo katikati palikuwa na doa pana kama sahani ya pilau. Mama mkwe, Bi Inobat, alisema ni juisi ya komamanga, na kwamba aliyeimwaga ni Hulkar, mwaka ule wa kwanza alipoletwa.

Hulkar hakumwaga juisi yoyote. Wakati huo alikuwa jikoni anakata karoti. Lakini kwetu mgeni ni mkubwa kuliko baba mzazi, na mgeni hamwagi kitu. Akipindua bakuli la chai, mwenye nyumba huwahi kusema, “Bi harusi kaliweka vibaya,” na bi harusi huja na kitambaa, akafuta, akaomba radhi. Ni adabu nzuri sana, haimgharimu yeyote isipokuwa mtu mmoja. Na kwa kuwa watu wa nyumbani nao wana heshima zao, adabu hiyo polepole iliwafikia na wao. Pale kwenye kona palikuwa na doa la mafuta ya mkia wa kondoo lililodondoka Hulkar akiwa darasa la tatu, ng'ambo ya mlima, anajifunza kuzidisha. Nalo lilikuwa lake.

“Zulia likitakata, utakwenda kwa mama yako mkapike sumalak,” Bi Inobat alimwambia. “Lisipotakata, utatokaje mbele za watu umeacha doa nyumbani?”

Maneno hayo aliyasema pia mwaka jana, na mwaka juzi.

Mama yake Hulkar, Bi Qumri, aliishi peke yake kijijini huko ng'ambo ya mlima, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Sumalak, uji mzito mtamu wa sikukuu, hupikwa kwa ngano iliyochipua, na hukorogwa kutwa kucha isishike chini. Ukiwa na mkono mmoja huwezi. Kila mwaka Bi Qumri aliotesha ngano yake kwenye sinia, akangoja, kisha akaigawa kwa majirani. Hulkar alimkumbuka mama yake kiasi kwamba alipokanda unga machozi yalidondokea humo. Mkate ulitoka na chumvi ya kutosha, na Bi Inobat akausifia.

Basi Hulkar alianza kama wote wanavyoanza. Alimwaga chumvi juu ya zulia, akaliacha, akalifagia. Alichemsha mizizi ya beh, ile inayotoa povu zito, akachanganya na siki ya zabibu na maji ya majivu ya mforosadi, akalisugua zulia kwa brashi mpaka magoti yakafa ganzi. Doa la katikati halikutikisika. Wasemao maji yakimwagika hayazoleki hawakukosea hata kidogo.

Akampigia mama yake simu.

“Umetia siki?” Bi Qumri aliuliza.

“Nimetia.”

“Na beh?”

“Nimetia, mama. Doa limenikodolea macho tu.”

“Basi unalifukuza, ndiyo maana limeng'ang'ana. Doa ni kama mtu, mwanangu, lina kwao. Suuza kwa maji ya mtindi, yale ya kijani yanayochujika, yawe ya vuguvugu. Ukimimina, liambie taratibu liende kwao.”

“Niliambie kwa sauti?”

“Sasa litasikiaje?”

Hulkar alichuja mtindi, akayapasha maji yake moto kidogo, akayamimina juu ya zulia pale uani huku akinong'ona. La kwanza kutoka lilikuwa doa dogo la chai. Lilijinyanyua kwenye nyuzi, likajikung'uta povu, likavuka ua na kupita chini ya lango. Kuku walisogea kulipisha. Yakafuata mengine, mojamoja, bila kusukumana.

Bi Inobat alikuwa juu ya kitanda cha uani, anakunywa chai. Lile doa la mafuta lilipanda mguu wa kitanda, likatembea juu ya mto, likatulia mgongoni mwa mkono wake wa kulia. Lilikuwa bado lina harufu ya mkia.

“Siki umezidisha,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

Binti wa nyumba, Nafosat, ambaye hajawahi kupaka rangi ya kucha tangu azaliwe, alitoka ndani na alama ya rangi ya kucha shavuni, ya waridi, yenye kumetameta. Alimtazama wifi yake, akamtazama mama yake, akajifunika kwa ncha ya kitambaa na kurudi alikotoka.

Doa kubwa lilikuja mwisho, kwa uzito, kama mtu aliyeshiba. Mzee Yuldosh alikuwa amelala kivulini na gazeti usoni. Yeye ndiye anayekaribishwa harusini kuwaasa vijana juu ya ubaya wa pombe, na huwaasa vizuri, wengine hulia. Doa lilimpanda kifuani, likaingia kwenye ndevu zake nyeupe na kuenea mpaka masikioni. Bi Inobat aliinama, akanusa.

“Baba Botir, komamanga gani hili?”

“La Samarkand,” Mzee Yuldosh alijibu, macho bado kayafumba.

“Limekaa chupani siku nyingi.”

“Njia ni ndefu.”

Kabla hawajamaliza mazungumzo hayo, lango liligongwa. Alikuwa Mzee Ergash, mkubwa wa mtaa, na katikati ya kipaji chake palikuwa na doa la chai, dogo, la duara.

“Assalaam aleikum. Nimekuja kuuliza, hili ni la kwenu?”

“Ni lako, mzee,” Hulkar alisema.

“Aa. Niliona kama tunafahamiana.” Akakaribishwa kukaa, akakaa, akapewa bakuli la chai, akalishika safari hii kwa mikono miwili.

Walijaribu kuyatoa. Bi Inobat alisugua mkono wake kwa chumvi, kwa siki, kwa majivu. Mzee Yuldosh alizitumbukiza ndevu ndani ya ndoo ya maji ya beh, akatoka na povu na wekundu ule ule. Madoa yalikuwa yamefika kwao na hayakuwa na safari nyingine. Mzee Ergash alisema hata mji alikozaliwa shemeji yake walipatwa na jambo hili, na walizoea.

Zulia, kwa upande wake, lilitakata. Katikati paling'aa kama malai ya asubuhi, na kwenye kona zilionekana nyuzi za buluu ambazo hakuna aliyejua kuwa zipo. Hulkar alilianika, akaingia ndani, akaweka kwenye mkoba gauni moja, kitambaa kipya na mwiko mrefu wa kukorogea. Gari la mlimani lilikuwa linaondoka alasiri. Alikuwa anaimba, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa halijasikika.

“Bi harusi, hebu njoo.”

Bi Inobat alimsimamisha kwenye mwanga. Akamtazama uso, akamgeuza viganja, akampandisha mikono ya gauni mpaka viwikoni.

“Geuka.”

Hulkar akageuka. Hakuwa na doa popote. Hata moja, hata la ukubwa wa tonge la sisimizi. Bi Inobat alihema kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua.

“Kesho kutwa nyumba hii imejaa wageni,” alisema. “Baba yako atakaaje mbele za watu na ndevu zile? Mimi nimpe mgeni chai kwa mkono huu? Nafosat ndiyo usiseme, ana watu wanaokuja kumposa. Nyumba nzima anayefaa kuonekana ni wewe peke yako. Sasa utaendaje?”

“Mama, uliniahidi.”

“Niliahidi. Nakataa? Zulia limetakata, hata kipofu anaona. Mwakani utakwenda.”

“Mwakani bila shaka,” Mzee Yuldosh alisema kutoka ndani ya taulo.

Hulkar alikasirika. Masikio yalimwaka moto, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alimtazama mama mkwe wake machoni.

“Kwa hiyo yale madoa hayakuwa yangu.”

“Nani alisema ni yako?” Bi Inobat alishangaa, na alishangaa kwa dhati. “Sisi tulisema uliweka bakuli vibaya.”

Hulkar alikwenda stoo, akafungua chupa ya jamu ya forosadi nyeusi, ile ambayo ikikushika unatembea nayo mpaka vuli. Akajimwagia kwenye kiganja, akajipaka mkono mzima, kisha shingo. Jamu iliteleza yote mpaka sakafuni na kuacha ngozi kama ilivyokuwa. Akajimwagia tena. Akapangusa sakafu, maana kazi hiyo nayo ni yake, akaifunga chupa, akaketi juu ya gunia la mchele na kupiga simu.

“Zulia limetakata?” Bi Qumri aliuliza.

“Limetakata, mama.”

“Hata lile la katikati?”

“Hata lile.”

“Sikukwambia? Basi njoo. Ngano imeota vizuri mwaka huu, nimeshaipanga na sufuria nimeazima.”

“Siwezi kuja. Nimebaki mimi tu nisiye na doa.”

Bi Qumri alicheka, akidhani anataniwa. Akangoja na upande wa pili ucheke. Halafu Hulkar akasikia sinia zinasogezwa mezani, polepole, kwa mkono mmoja.

“Si kitu,” mama yake alisema. “Nitawapa majirani. Umekula?”

“Nimekula.”

Bi Inobat aliita kutoka uani kwamba kuna watu langoni. Hulkar akakata simu, akanawa mikono ambayo haikuwa na kitu, akaenda kufungua.